Dagaa, Sambusa, Mihogo au Matobolwa: Uandae Kipi Siku ya Mechi Nyumbani?

Tarehe 21 Januari 2024 Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania, walicheza na Zambia kule Ivory Coast, mechi yao ya pili ya kundi kwenye AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika. Sebule yetu hapa Nyakato, Mwanza, ilikuwa imejaa: majirani, mashemeji, watoto kwenye mkeka, na babu mmoja wa nyumba ya tatu kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Dakika ya 11 Simon Msuva akafunga. Goli lile sikuliona. Nilikuwa jikoni nageuza sambusa, na nilijua tumefunga kwa sababu nyumba nzima ilipiga ukelele na mtoto wa jirani akaja mbio kunivuta kanga. Nililiona baadaye kwenye marudio, wenzangu wakiwa wameshashangilia na kukaa. Nililoliona kwa macho yangu, nimetulia kwenye kiti, ni lile la Patson Daka akisawazisha dakika ya 88. Liliniuma kwa siku kadhaa.

Tangu siku ile nimebadili namna ya kuchagua kitafunwa cha siku ya mechi. Zamani nilianza na ladha. Siku hizi naanza na swali moja: refa akipuliza kipenga, nani atakuwa jikoni?

Najua wengi wanakwama. King'amuzi kimelipiwa, wageni wameshaambiwa waje, na hujui kama ukaange dagaa, ukunje sambusa, uchemshe mihogo au ununue matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, mambo yaishe. Hivyo vinne ndivyo nitakavyolinganisha, maana ndivyo ninavyoandaa mwenyewe na vyote vinapatikana Mwanza bila kuhangaika. Mishikaki nimeiacha kwa makusudi. Ni mitamu, lakini inadai mtu wa kusimama kwenye jiko la mkaa mwanzo hadi mwisho. Chipsi pia nimeziacha, kwa kuwa dakika ya 20 zimeshalegea.

Nimepima kwa vigezo gani

Cha kwanza ni kazi: inafanyika kabla ya mechi au wakati mpira unachezwa? Kwangu hiki kina uzito kuliko vingine vyote, na nimeshasema sababu.

Cha pili ni mkono. Mtu anayeangalia mpira hatazami sahani. Kitafunwa chenye mwiba, chenye mchuzi unaodondoka au kinachohitaji kisu kitamtoa kwenye mechi au kitaishia kwenye kochi lako.

Cha tatu, kikipoa kinakuwaje? Mechi ni dakika 90, mapumziko 15, na ikiwa ni ya mtoano ongeza 30 na penalti. Chakula kitamu cha dakika kumi za kwanza tu hakijakaa na wageni wako.

Kisha mfuko, rangi na watu. Kwa mfuko sitataja bei, kwa kuwa za sokoni zinabadilika wiki kwa wiki. Nitasema kipi ni nafuu kuliko kipi. Rangi ni namna ya kukifanya kitafunwa kifanane na siku yenyewe, kwamba leo ni derby ya Kariakoo, Simba na Yanga, au leo ni timu ya taifa. Na watu ni wale waliokaa sebuleni: watoto, wazee wenye meno machache, asiyekula karanga, asiyevumilia harufu ya samaki.

Kuna jambo jingine la kuangalia kabla ya hayo yote, nalo ni saa. Mechi za Jumamosi za Uingereza zinazoanza saa 9 alasiri kwao, kwetu ni saa 12 jioni majira yao ya baridi na saa 11 jioni majira yao ya joto, kwa sababu wenzetu husogeza saa na sisi hatusogezi. Ligi ya Mabingwa Ulaya kwa mechi nyingi ni saa 5 usiku, au saa 4 wakisogeza. Kombe la Dunia la 2026, lililopangiwa Marekani, Kanada na Mexico, lina mechi nyingi zinazoangukia usiku wa manane na alfajiri yetu. Saa 11 jioni watu wanakuja na njaa ya kweli, na usiwape karanga peke yake. Saa 5 usiku wameshakula ugali wao, wanataka cha kutafuna tu, na mafuta yanayochemka usiku huo yanaamsha watoto wote.

Dagaa wa kukaanga

*Kazi.* Yote inamalizika kabla, hata siku moja kabla. Ugumu uko kwenye kununua. Pale Mwaloni Kirumba utakuta dagaa wa kila daraja, na tofauti kubwa ni walikoanikwa. Walioanikwa kwenye vichanja au nyavu zilizoinuliwa juu ni safi. Walioanikwa chini ufukweni wana mchanga, na mchanga wa dagaa hautoki wote hata ukiosha mara tano. Chukua wachache kiganjani, wasugue, wamwage, kisha tazama kilichobaki mkononi. Waliokauka vizuri wanang'aa rangi ya fedha na wanavunjika kwa mlio. Walionyeshewa mvua wakati wa kuanikwa wanageuka rangi ya udongo na harufu yao ni kali.

Kuhusu kununua, tazama na mwezi angani. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, na taa huwavuta vizuri kukiwa na giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina nguvu, mitumbwi mingi hupumzika, mzigo unapungua na bei inapanda. Kama mechi yako inaangukia karibu na mwezi mpevu, nunua sado yako, lile kopo la kupimia sokoni, wiki moja kabla. Wakavu hawaharibiki wakikaa pakavu.

Waoshe kwa maji ya uvuguvugu mara tatu, haraka, bila kuwaloweka. Wachuje, watandaze kwenye ungo juani kama nusu saa, maana dagaa mwenye maji akiingia kwenye mafuta ya moto atakurukia usoni. Kaanga kidogo kidogo, mafuta yawe yamechemka sawasawa, hadi wawe rangi ya dhahabu iliyokolea. Chumvi na pilipili ya unga unatia wakiwa bado wa moto. Ndimu usiikamulie jikoni, inawalainisha. Weka vipande pembeni, kila mtu ajikamulie.

*Mkono.* Hapa wanashinda wengi. Mtu anakula mzima mzima, hana mwiba wa kutoa, na ukiwagawa kwenye vikombe kila mmoja anashika chake bila kunyanyua macho.

*Wakipoa.* Hawabadiliki, ilimradi ulisubiri wapoe kabisa ndipo ukafunika. Ukiwafunika wa moto, mvuke unawarudisha kwenye ulaini na ladha ya mvua.

*Mfuko.* Nafuu. Sado moja inatosha sebule nzima na inabaki.

*Rangi.* Ni hafifu. Dagaa ni kahawia, na rangi itabidi itoke pembeni: pilipili hoho nyekundu zilizokatwa pete, au giligilani na hoho za kijani juu yao. Vikombe vya karatasi vya rangi ya timu vinasaidia kuliko jitihada yoyote ya jikoni.

*Watu.* Wenyeji wa ziwa hawana shida. Mgeni kutoka mbali anaweza kusita akiona vichwa na macho, kwa hiyo nikijua anakuja mmoja wa hivyo navitoa vichwa. Inachukua muda, lakini ni kazi ya kukaa chini na kuzungumza na watu, sio ya kusimama jikoni. Harufu wakati wa kukaanga inabaki ndani ya nyumba, ndiyo maana mimi nawakaangia nje asubuhi. Ukiwa chumba na sebule mjini, mapazia yako yatanusa dagaa hadi kesho kutwa.

Sambusa za samaki

*Kazi.* Ni nyingi kuliko vyote vinne, na ndiyo iliyoninyima goli. Lakini kosa lilikuwa la mpango wangu. Sambusa yenyewe haina hatia, na nitaeleza ninavyofanya sasa.

Samaki ninayempenda ni sangara, kwa sababu nyama yake ni nene na inavunjika vipande vikubwa. Ichemshe kwa mvuke na tangawizi, kitunguu saumu, chumvi na ndimu, kisha uichambue kwa vidole. Nasema vidole, hata kama uliambiwa ni minofu mitupu. Mwiba mmoja kwenye sambusa ya mtoto utaharibu usiku wote. Halafu irudishe kwenye kikaango kikavu, ikaushe kabisa. Nyanya usitie. Kitunguu maji kilichokatwa vidogo kinaingia mwishoni, ukishaipua, ili kisitoe maji ndani ya manda. Sambusa nyingi zinazolegea zimelegea kwa ndani kabla mafuta hayajazigusa.

Nusu kilo ya unga hunipa sambusa kama 24. Kusukuma, kupasha manda kwenye kikaango, kukata na kukunja ni kazi ya mchana mzima kwa mtu mmoja. Kwa watu wawili wanaoelewana ni saa mbili za maongezi mazuri. Ukishakunja, zifunike kwa kitambaa chenye unyevu kidogo manda yasikauke, au ziweke kwenye friza kama umeme wenu ni wa kuaminika.

Sasa kilichobadilika: nakaanga zote nusu saa kabla ya mechi, nazitandaza kwenye waya wa kuchujia au kwenye karatasi, wazi. Siziingizi kwenye hotpoti. Watu wanazificha kwenye hotpoti kwa nia njema ili zibaki na moto, zinatoka jasho na kuwa kama chapati iliyokunjwa. Sambusa vuguvugu yenye manda makavu ni tamu kuliko ya moto iliyolegea, na aliyeipika anakuwa amekaa.

*Mkono.* Nzuri sana ikiliwa peke yake. Chatne ndiyo inayoleta balaa. Ukitaka chatne, iwe nzito, kwenye vibakuli vidogo, na watoto wasipewe.

*Zikipoa.* Hadi mapumziko ziko vizuri. Kipindi cha pili zinaanza kupoteza ukavu, lakini bado watu wanazitafuta.

*Mfuko.* Ghali kuliko zote. Minofu ya sangara ina wanunuzi wakubwa, viwanda vinavyosafirisha nje ya nchi, na hilo unalihisi ukifika kwenye meza ya samaki. Nyama ya kichwa cha sangara ni nafuu na ina ladha, ila kuichambua mifupa kunahitaji uvumilivu na mwanga mzuri. Ongeza unga, ongeza mafuta mengi.

*Rangi.* Hapa sambusa haina mpinzani. Pembe tatu ile ni bendera ya kona tayari. Chomeka kijiti cha meno chenye kikaratasi cha rangi ya timu na umemaliza. Tandaza jani la mgomba kwenye sinia liwe uwanja wa majani, panga sambusa kwenye pembe nne, na watoto watakaa kulitazama sinia kabla hata ya kula. Kumbuka kutoa vijiti vyote kabla ya kuwapa wadogo.

*Watu.* Kila mtu. Sijawahi kuona mgeni akikataa sambusa.

Mihogo ya kukaanga na kachumbari

*Kazi.* Imegawanyika, na mgawanyo huo ndio wa kuangalia. Kuchagua ni siku ileile, kwa sababu muhogo mbichi hauvumilii: siku mbili tatu baada ya kung'olewa unaanza kupata mistari ya bluu na nyeusi ndani. Mwombe muuzaji avunje mmoja mbele yako. Ukiwa mweupe na unatoa mlio, chukua. Uliza pia kama ni mitamu. Kuna mihogo michungu yenye sumu inayohitaji kuandaliwa kwa njia nyingine, na hiyo si ya kukaanga. Muuzaji wa siku zote anajua anachouza, hasa mihogo ya Ukerewe na Sengerema inayokuja mjini kila siku.

Menya, pasua katikati, toa ule uzi wa ndani, chemsha kwenye maji yenye chumvi bila kufunika, kisha yamwage maji. Hii unaifanya mchana. Kukaanga ndiko kunakoshindikana kuwahisha, maana muhogo uliokaangwa mapema hugeuka mgumu. Kwa hiyo lazima mtu awe jikoni karibu na mechi kuanza, na tena wakati wa mapumziko kwa awamu ya pili. Dakika 15 zinatosha ikiwa jiko ni la gesi na mihogo imeshachemka. Kwa mkaa hazitoshi.

*Mkono.* Muhogo wenyewe ni rahisi kushika. Kachumbari ndiyo inayochuruzika hadi kwenye kiwiko. Nimezoea kumwekea kila mtu kachumbari kwenye bakuli dogo na uma, anachoma anapotaka.

*Ikipoa.* Hapa mihogo inashika mkia. Baada ya nusu saa inatafunika kwa shida.

*Mfuko.* Nafuu, na kwa kushibisha watu hakuna kinachoikaribia. Watu kumi wenye njaa ya saa 11 jioni watashiba mihogo kwa fedha ambazo kwenye sambusa zingewalisha watatu.

*Rangi.* Hapa nikae kidogo, kwa sababu kachumbari ni rangi tupu. Siku ya Simba: nyanya zilizoiva vizuri, zimetolewa mbegu, pamoja na kabichi nyeupe iliyokatwa nyembamba kama uzi. Nyekundu na nyeupe, basi. Vitunguu vyetu vingi ni vya zambarau na vinaharibu picha, hivyo osha kwa chumvi na tia kidogo. Siku ya Yanga: tango, hoho ya kijani, giligilani, na njano itoke kwenye embe lisiloiva sana au nanasi la kutoka Geita lililokatwa vidogo. Nanasi na pilipili mbuzi kwenye muhogo wa moto, jamani, hata mtu wa Msimbazi, yaani Simba, anaomba bakuli la Jangwani, yaani la Yanga.

Siku ya derby weka mabakuli mawili, moja kila upande wa sinia, muhogo mrefu mmoja ukiwa mstari wa katikati ya uwanja. Klabu hizi zimekuwa zikigombana tangu miaka ya 1930, Yanga ya 1935 na Simba ya 1936, na nyumba nyingi za Mwanza zina pande zote mbili chini ya paa moja. Mabakuli mawili yanawapa watani cha kutupiana maneno hata kabla ya goli. Chumvi na ndimu tia dakika ya mwisho, la sivyo maji yote yanatoka na rangi zinachanganyika.

Kwa Taifa Stars, wanaovaa bluu, nitasema wazi: bluu haipo jikoni. Nimeona watu wanatia rangi ya chakula ya bluu kwenye wali na kwenye maandazi, na hakuna aliyekula kwa hamu. Bluu iache kwenye kitambaa cha meza na vikombe.

*Watu.* Vijana wenye njaa, na wazee pia ikiwa muhogo umechemka ukalainika kabla ya kukaangwa.

Matobolwa na karanga

Kwa msomaji wa mbali: matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikamenywa, vikakatwa na kuanikwa juani hadi vikauke. Usichanganye na michembe, ambayo ni viazi vilivyoanikwa vikiwa vibichi na ni lazima uvipike ndipo ule. Kwetu Usukumani matobolwa ni chakula cha akiba. Bibi yangu wa Magu alikuwa nayo kwenye kihenge, na sisi wajukuu tulijaza mifukoni kabla ya kwenda kuchunga.

*Kazi.* Siku ya mechi, karibu hakuna. Kazi ilishafanywa na jua na mama mmoja kijijini. Yakiwa makavu sana yapitishe kwenye mvuke dakika kama kumi, yanarudi kuwa laini na utamu wake unafumuka. Karanga zinataka kuchaguliwa kwa uangalifu kabla ya kukaangwa: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu tupa, kwa sababu ya sumukuvu, na moto wa kukaangia hauiondoi yote. Kisha kaanga kwenye chumvi au mchanga safi, moto mdogo, ukikoroga.

*Mkono.* Hakuna mafuta, hakuna mwiba, hakuna tone. Ni kizuri kuliko vyote.

*Yakipoa.* Hayana moto wa kupoteza. Mechi ifike penalti, umeme ukatike na urudi, yako vilevile.

*Mfuko.* Nafuu baada ya mavuno ya viazi, yanapanda kadiri miezi inavyosogea. Karanga ndizo zinazoongeza gharama.

*Rangi.* Ni dhaifu, kama dagaa. Ninachofanya ni kukunja koni za karatasi ya rangi ya timu, kama zile za muuza karanga wa stendi, na kuwapa watoto kazi ya kukunja tangu asubuhi. Wanajisikia wamechangia.

*Watu.* Karanga hazifai kwa watoto wa chini ya miaka mitano, zinaweza kuwapalia, na uliza kama kuna asiyezila kwa sababu ya mzio. Kwa wazee lainisha matobolwa kwanza. Vijana wengine watayaita chakula cha kijijini. Nami huwawekea tu pembeni ya kiti bila kusema neno, na koni inarudi tupu. Chakula hiki kimelisha watu wetu miaka ya ukame, na kukiona kwenye sebule yenye televisheni kunanipa furaha.

Kwa hali yako

Ukiwa peke yako jikoni na watu ni wengi, andaa dagaa usiku wa kuamkia mechi na matobolwa kwenye koni.

Kama mna mikono miwili au mitatu na kuna sherehe kidogo, labda ni fainali, labda ni siku ya kuzaliwa ya mtoto anayependa mpira, sambusa zinastahili kazi yake. Kaangeni mapema.

Derby ya jioni na wageni wenye njaa ni siku ya mihogo na mabakuli mawili ya kachumbari. Ila gawaneni: mmoja akaange kabla ya kipenga, mwingine wakati wa mapumziko, na aliyeko jikoni aachiwe mlango wazi na sauti ya juu.

Mechi ya saa 5 usiku, watoto wamelala na jirani yuko ukuta mmoja nawe: matobolwa na karanga, bila kuwasha jiko.

Kama umekaribisha mtu asiyezoea samaki, usimweke kwenye kona. Mihogo iwe ya wote na dagaa wawe kwa anayetaka. Mwenye mzio wa karanga akiwepo, karanga zisiingie kabisa sebuleni, kwa kuwa mikono inagusana kwenye sinia.

Mfuko ukiwa mwembamba mwisho wa mwezi, mihogo ikishibisha na dagaa wachache wakitia ladha, hakuna atakayejua. Na dagaa na karanga zote zina chumvi, hivyo jaza ndoo ya maji ya kunywa na uchemshe ukwaju mapema, soda hazitatosha.

Sisi tumeshapanga yetu. AFCON ya 2027 imepewa Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, na sebule hii itajaa kuliko ile Januari. Siku ya kwanza ya Stars nitakaanga dagaa jana yake, shemeji atakunja sambusa nami mchana, zote zitakuwa juu ya waya nusu saa kabla, na kiti cha karibu na babu, pale mlangoni, nimeshakiwekea kanga yangu.